MITAA INAYOTOKEA NA ISIYOTOKEA: DAR IMESHATUFUNDISHA, KILINDONI TUNASUBIRI NINI?

Wadau, leo tuongelee barabara za mtaani. Siyo lami wala mashimo, ni jinsi zinavyoungana.

Mtaa unaoungana, ukifika mwisho unakuta njia panda, unachagua pa kwenda. Usiotokea unaishia ukutani kwa mtu, unageuza. Wataalamu wanapima kwa kuhesabu: njia panda ngapi, zisizotokea ngapi.

MIFANO YA DAR
Kariakoo ilipimwa mistari iliyonyooka enzi za Mjerumani. Nyumba za chini zimekuwa maghorofa, lakini mitaa ni ile ile. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja wa serikali na Benki ya Dunia. Mradi huo huo ulipitisha barabara Manzese, ambako watu walishajenga.

Baadaye jiji likawakimbia wapimaji. Sensa ya 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5, ya 2022 zaidi ya milioni 5.3. Mji ukatambaa kufuata barabara za Kilwa, Pugu, Morogoro na Bagamoyo. Mwenye shamba anakata vipande anauza, na kila mnunuzi anaacha uchochoro wa kufika kwake tu. Matokeo yake, majirani wanaonana dirishani, lakini kwa gari mpaka utoke barabara kubwa ndiyo urudi. Wote tukitoka huko, ndiyo foleni. Nyumba ikiungua, zimamoto haipiti. Choo kikijaa, gari la kunyonya halifiki.

DUNIANI JE?
Mwaka 2020 Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walichapisha utafiti wa mitaa ya dunia nzima. Kwenye nchi 134 zenye watu wengi, asilimia 90 zimekuwa zikijenga mitaa mipya isiyoungana vizuri kuliko ya zamani, tangu 1975. Na mtaa ukishakaa, kuubadilisha ni kazi kweli kweli.

NA MAFIA?
Mwaka 2012 tulikuwa 46,000 na ushee, 2022 tukapita 66,000. Wilaya ndogo, ila tunaongezeka, na viwanja vinafuata barabara ya Utende kama Mbagala ilivyofuata ya Kilwa.

Kwa hiyo ukiuza kiwanja, acha njia inayotokea upande wa pili, na iandikwe kwenye hati ya mauziano mbele ya viongozi wa mtaa. Leo ni hatua chache za shamba la minazi. Kesho ni kuvunja nyumba ya mtu na kulipa fidia.

Kwenu njia zinatokea? Semeni wadau.