Pal Benko: Gwiji wa sataranji aliyemwachia mwenzake nafasi

PAL Benko hakuwahi kuwa bingwa wa dunia katika sataranji. Hata hivyo, historia ya ubingwa huo haiwezi kuelezwa bila ya kumtaja raia huyo wa Hungary aliyehamia Marekani.

Benko alizaliwa Julai 15, 1928 mjini Amiens, Ufaransa, na kulelewa Hungary, ambako alitwaa ubingwa wa taifa mnamo 1948. Hungary wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Kikomunisti, naye hakuuridhia. Mnamo 1952 alijaribu kutorokea nchi za Magharibi kupitia Berlin, akakamatwa na kuzuiliwa kambini kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Aliachiliwa baada ya kifo cha kiongozi wa Usovieti, Josef Stalin, mnamo 1953.

Masaibu hayo hayakumvunja moyo. Mnamo 1957, akiwa Reykjavik, Iceland, kwa mashindano ya wanafunzi, aliomba hifadhi katika ubalozi wa Marekani, akakubaliwa. Mwaka uliofuata alitunukiwa cheo cha gwiji mkuu, ambacho ndicho cha juu zaidi katika mchezo huo. Alifuzu mara mbili, 1959 na 1962, kwa mashindano ya kumteua mpinzani wa bingwa wa dunia, lakini hakufua dafu. Nchini Marekani alishinda mashindano ya wazi ya taifa mara nane.

Tendo lililompa sifa kubwa zaidi lilitukia mnamo 1970. Benko alikuwa amefuzu kwa mashindano ya mchujo ya Palma de Mallorca, Uhispania, kupitia ubingwa wa Marekani wa 1969. Bobby Fischer, aliyekuwa mchezaji hodari kuliko wote nchini humo, alikuwa amesusia ubingwa huo akidai ulikuwa mfupi mno, hivyo akakosa nafasi. Wawili hao hawakuwa marafiki wa kuchanjiana. Waliwahi hata kupigana mnamo 1962, walipokuwa mashindanoni katika kisiwa cha Curaçao. Licha ya hayo, Benko alikubali kujiondoa ili Fischer aingie.

Fischer alishinda huko Palma kwa kuwaacha wapinzani wake pointi tatu na nusu nyuma. Mnamo 1972 alimshinda Boris Spassky wa Usovieti na kuwa bingwa wa dunia. Pambano hilo lilifanyika Reykjavik, mji ule ule ambamo Benko alipata uhuru wake miaka 15 awali.

Jina la Benko limebaki pia katika mbinu ya ufunguzi aliyoisambaza, ambapo mwenye kete nyeusi hutoa askari mmoja mapema, kwa hiari, ili kufungua njia za kushambulia upande wa kushoto wa mpinzani wake. Mbali na kucheza, alitunga mafumbo mengi ya sataranji na kwa miaka mingi aliandika makala kuhusu hatua za mwisho za mchezo.

Benko alifariki mjini Budapest mnamo Agosti 25, 2019, akiwa na umri wa miaka 91. Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, si utajiri. Nafasi aliyoitoa Benko ilikuwa ya mwisho kwake kuwania taji la dunia, kwani hakufuzu tena.