Trekta dogo: Lini ufungue kijiko cha mbele, lini ukiache

Simiyu. Kwa mwenye trekta dogo Bariadi, Maswa au Itilima, kijiko cha mbele kinafanya kazi ya vibarua wengi. Shida ni kukiacha kimefungwa mwaka mzima. Kinakula mafuta na matairi, na kinaweza kukukwamisha shambani siku ambayo mvua imenyesha na kila mtu anawahi kupanda pamba.

Kijiko na mikono yake kina uzito wa kilo mia kadhaa, na hata kikiwa kitupu mzigo huo unaelemea ekseli ya mbele.

Kiache kiangazi

Baada ya mavuno ndiyo kazi zake zinaanza: kutoa samadi zizini na kuipakia kwenye tela, kupakia mchanga na kokoto, kusawazisha kiwanja.

Ukinyanyua mzigo, funga uzito nyuma ya trekta, la sivyo matairi ya nyuma yanakuwa mepesi na trekta linaweza kupinduka. Ukitembea, kijiko kiwe chini karibu na ardhi, hasa kwenye mteremko.

Kifungue kwa kazi hizi

- Kulima mbuga yenye unyevu. Udongo mweusi unanata, matairi ya mbele yanazama na ardhi inashindiliwa. Kwenye luseni, ambao ni mchanga, athari ni ndogo.

- Palizi kati ya mistari. Kijiko kinamzibia dereva asione mbele, na kwenye kona kinavunja miche.

- Safari ndefu za tela, mfano kusomba pamba kwenda AMCOS. Hapo unabeba chuma bure.

Angalizo kwa plau nzito

Ukishafungua kijiko, plau nzito ikinyanyuliwa nyuma inaweza kuinua pua ya trekta. Usukani ukiwa mwepesi kupita kawaida, simama. Funga vyuma vya uzito mbele kwanza.

Namna ya kufungua

1. Simamisha trekta kwenye ardhi ngumu na tambarare. Funga breki ya mkono.

2. Shusha kijiko hadi kiguse chini, kisha weka stendi zake na chomoa pini kama kitabu cha trekta kinavyoelekeza.

3. Zima injini. Chezesha wenzo wa kijiko huku na huku ili presha ya haidroliki iishe.

4. Chomoa mipira ya mafuta, funika ncha zake vumbi lisiingie.

5. Hakikisha hakuna mtu karibu, washa injini, rudi nyuma polepole.

Usitafute mpira unaovuja kwa kupapasa na mkono, tumia kipande cha boksi. Mafuta yenye presha yanaweza kupenya ngozi. Yakikupenya, wahi hospitali hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi. Kusubiri kunaweza kukugharimu kidole au mkono.