Si uvumi, ni makisio

Mashabiki wa bustani za burudani wanapojadili eneo litakalogeuzwa, wengi wetu waandishi hukimbilia neno uvumi. Neno hilo latokana na kuvuma, kama uvumavyo upepo au ngoma ya mbali: sauti yafika, mpigaji haonekani. Kukisia ni kitendo kingine kabisa. Anayekisia hushika alichokiona, hukipima, kisha hutaja anachotarajia. Septemba 2022 Disney yenyewe ilionyesha michoro ya filamu za Zootopia na Moana kama mawazo ya kulibadili eneo la DinoLand, lililokuwa katika bustani ya Animal Kingdom, Florida. Waliojenga matarajio juu ya michoro ile walikuwa na msingi unaoonekana kwa macho.

Itasemwa kwamba walikosea, maana Agosti 2024 ilithibitishwa kuwa pale patakuwa eneo la Tropical Americas, lenye filamu za Encanto na Indiana Jones. Ni kweli, walikosea. Lakini mkulima aliyekisia magunia kumi akavuna saba hajavumisha lolote. Hesabu yake imepotoka tu. Maneno haya mawili, uvumi na makisio, hutenganishwa na chimbuko la habari, hata matokeo yaweje. Basi mwandishi mwenzangu, kabla hujaandika uvumi, uliza kwanza habari hiyo imeanzia wapi.