Nyumba Iliyouzwa kwa Mdomo

Mama yangu aliuza ng'ombe wanne ili anunue nyumba ya vyumba vitatu Haydom, mwendo mfupi kutoka hospitalini. Muuzaji alikubali bei, wakapeana mikono, chai ikanywewa. Siku ya kuandikishana tulimkuta mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wakitusubiri. Muuzaji naye alikuwepo, ameinamisha kichwa. Mkewe alikuwa amekataa.

Hela ilirudi nyumbani, ng'ombe hawakurudi. Kufika mnada uliofuata, bei ya mitamba ilikuwa imepanda. Nilimchukia mwanamke yule kwa miaka, hadi nilipoanza kusoma historia ya ardhi yetu.

Wairaqw walioteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu hawakununua viwanja. Mtu alipewa mahali, akafyeka, akajenga; majirani ndio waliokuwa hati yake. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana, na baada ya uhuru ikawa chini ya Rais. Kwa miongo mingi ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Kilichouzwa ni kile kilicho juu yake: kuta, bati, miti.

Wamisionari wa Norwe walipofungua hospitali ya Kilutheri Haydom mwaka 1955, watu waliifuata: wauguzi, mafundi, wenye maduka. Viwanja vikapata bei mitaani kabla ya kuipata kwenye sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndiyo iliyokiri kwamba ardhi ina thamani. Lakini kifungu chake cha 64 kinataka makubaliano ya kuuza yawe na maandishi, la sivyo huwezi kuyadai mahakamani. Mikono tuliyopeana haikutosha.

Hata tungeandikishana, tungekwama kwingine. Tangu mwaka 1971, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwanamke yule alikuwa akilala humo na watoto wake.

Miaka michache baadaye Mama alipata nyumba nyingine. Muuzaji alipotaja bei, Mama hakuomba ipunguzwe. Aliuliza kwanza, "Mama watoto yuko wapi?" Akakaa kumsubiri hadi aliporudi kutoka kisimani.