Vumbi nururifu: jina la kile kinachobaki baada ya mlipuko

Bomu la nyuklia likilipuliwa karibu na ardhi huvuta juu udongo, mchanga na mawe, likaviunguza na kuvichanganya na mabaki ya mlipuko. Wingu hilo likipoa, chembe zake huanza kurudi chini. Nzito huanguka jirani ndani ya saa chache. Nyepesi hubebwa na upepo kwa siku nyingi, hata miaka, zikaangukia nchi nyingine kabisa. Kiingereza huziita chembe hizo kwa jina lililotokana na kitenzi cha kuanguka. Kifaransa nacho husema “zilizoanguka tena”. Wajapani walipata jina lao mwaka 1954: “majivu ya mauti”. Kiswahili bado hakijatulia: huyu atasema mionzi ya nyuklia, yule mvua ya mionzi, mwingine majivu au mabaki ya nyuklia. Makala haya yanapendekeza vumbi nururifu, na sababu zake si za sarufi peke yake.

Tuanze na tukio lililoilazimisha dunia itafute jina. Tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Nguvu yake ilifika megatani 15, zaidi ya maradufu ya makadirio ya wataalamu. Bikini ni kisiwa cha matumbawe, na mtu wa pwani anajua matumbawe yakichomwa huwa nini: chokaa. Saa chache baadaye unga mweupe uliwaangukia watu wa Rongelap, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo. Ukatua kwenye paa, kwenye maji ya kunywa na kwenye nywele, watoto wakauchezea. Walipokuja kuhamishwa baada ya siku mbili, wapo waliokuwa wakitapika, na baadaye ngozi ziliwababuka na nywele zikawanyonyoka. Unga huohuo uliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kwenye chombo Daigo Fukuryu Maru. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huohuo.

Wengi wetu tungesema watu hao “walipigwa na mionzi”. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Mionzi ni nishati inayosafiri kutoka kwenye chanzo chake. Chanzo kikizimwa, imekoma. Mgonjwa akitoka chumba cha eksirei hatoki na mionzi mwilini. Vumbi lile, kinyume chake, ndilo chanzo chenyewe. Hushika nguo, huingia tangini, huvutwa kwa pumzi na kumezwa na chakula, likaendelea kutoa mionzi ndani ya mwili. Watu wa Rongelap walirudishwa kwao mwaka 1957 wakiambiwa ni salama. Mwaka 1985 waliondoka tena, kwa kuwa hofu ya kilichobaki ardhini haikuwaisha. Mlipuko ulikuwa umepita miaka 31.

Tofauti hii ndiyo inayomwonyesha mtu la kufanya. Mionzi huepukwa kwa kukaa mbali na chanzo au nyuma ya ukuta mnene. Vumbi huoshwa: unabadili nguo, unaoga, unafunika maji na kuwafungia mifugo wasile majani ya nje. Mwananchi aliyeambiwa “mionzi” tu hatajua kwamba ndoo iliyo wazi uani ni hatari.

Kwa nini basi tusiseme majivu? Kwa sababu majivu ni mabaki ya moto, nasi tumezoea kuyachota jikoni bila woga. Mvua ya mionzi nayo ina ukweli wake. Aprili 1953, dhoruba iliangusha juu ya mji wa Troy, jimbo la New York, chembe za jaribio lililofanyika Nevada, umbali wa zaidi ya kilomita 3,000. Lakini mvua ni njia moja tu. Chembe huanguka hata kiangazi, na Rongelap ziliwaangukia zikiwa kavu.

Vumbi linafaa kwa sababu linaonyesha umbo na mwendo: hutimka, husafiri, hutua, hujipenyeza. Kivumishi nururifu wametuachia wanafizikia wa Kiswahili. Mzizi wake ni nuru, na kiambishi -fu ni kilekile cha haribifu na sumbufu, kinachotaja tabia ya kudumu. Kitu nururifu hutoa mionzi kwa hulka yake, bila kuwashwa na mtu. Muda wa hulka hiyo hutofautiana. Nguvu ya iodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8 hivi. Ya strontiamu-90 huchukua miaka 29 hivi.

Chembe hizo mbili ndizo zilizowatia wazazi wa Marekani wasiwasi. Iodini hutua kwenye majani, ng’ombe akayala, ikaingia kwenye maziwa, kisha ikajikusanya katika tezi ya shingo ya mtoto. Strontiamu hufanana na kalsiamu, hivyo hujengwa ndani ya mifupa na meno. Kuanzia mwaka 1958, wanasayansi na wananchi wa St. Louis walikusanya mamia ya maelfu ya meno ya utotoni, wakathibitisha kwamba strontiamu ilikuwa ikiongezeka. Agosti 1963, Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovyeti zilitia saini mkataba wa kukomesha majaribio ya angani, majini na anga za juu.

Afrika nayo ina sehemu yake. Tarehe 13 Februari 1960, Ufaransa ililipua bomu la kilotani 70 hivi huko Reggane, katika Sahara ya Algeria, ikishikilia kwamba jangwa ni tupu. Kwame Nkrumah alijibu kwa kuzuia mali za Ufaransa nchini Ghana, kwani alijua upepo wa jangwani hauulizi mpaka. Hoja ya “jangwa tupu” huwa na nguvu pale tu msikilizaji anapofikiria mwako wa dakika moja. Akifikiria vumbi, swali linageuka: upepo ulivuma kuelekea wapi, na nani alikuwa akiishi huko?

Basi waandishi na watafsiri wagawe kazi hivi: mionzi iwe nishati inayosafiri, vumbi nururifu liwe chembe zinazoanguka, na uchafuzi nururifu uwe hali ya ardhi, maji au mwili ulioshikwa na chembe hizo. Serikali ikitangaza kwamba mionzi imepungua, mwandishi wa habari ana wajibu wa kuuliza swali la pili: na vumbi limetua wapi?