Damu Iliyodanganya Maabara

Wasee, kabla mtu aseme tena kwamba dada fulani mimba zinaharibika juu amerogwa, ama ati alitoa nyingi akiwa msichana, kaeni chini niwape historia kidogo. Mimi chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha.

Mnajua ile damu mama mjamzito hutolewa kliniki kupimwa kaswende? Kipimo kimoja cha zamani, VDRL, hakimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Kinatafuta kingamwili zinazoshika mafuta yanayoitwa kadiolipini. Sasa kuna watu ambao miili yao hutengeneza kingamwili za aina hiyo bila kaswende yoyote. Kufikia miaka ya 1950 madaktari walishajua kwamba majibu kama hayo yanaweza kuwa ya uongo. Lakini fikiria mwanamke aliyeambiwa ana kaswende, akarudi nayo nyumbani kwa mzee. Nani angemwamini?

Damu hiyo ilikuwa na uongo wa pili. Ukiiweka kwa chupa ya maabara, inachelewa kuganda. Kwa mwili inafanya kinyume: inaganda ovyo, kwa miguu, kwa ubongo, na kwa kondo la nyuma, pale mtoto anapopatia chakula na hewa. Mwaka wa 1983 ndio daktari Graham Hughes na wenzake huko London waliunganisha hayo yote, yaani damu kuganda, mimba kuharibika tena na tena, na hizo kingamwili, wakaonyesha ni ugonjwa mmoja. Leo unaitwa sindromu ya antifosfolipidi.

Aspirini nayo ilikuwa na safari yake. Ilitengenezwa na kampuni ya Bayer, Ujerumani, mwaka wa 1897, na watu wakaimeza kwa maumivu na homa. Halafu daktari mmoja wa kawaida huko California, Lawrence Craven, akaona wagonjwa aliowatoa tezi za koo wanavuja damu sana wakitafuna chingamu yenye aspirini. Wengine wangesema ni hatari, basi. Yeye akajiuliza: kama inazuia damu kuganda, si inaweza kukinga moyo? Aliandika kwa majarida madogo, wakubwa hawakumsikiza, akafa mwaka wa 1957. Mwaka wa 1971 John Vane akaonyesha jinsi aspirini inavyofanya kazi mwilini, na mwaka wa 1982 akapata Nobel. Dozi ndogo tu inatosha kutuliza chembe sahani, zile zinazoanzisha kuganda.

Hizo safari mbili zikakutana kwa wajawazito. Mwaka wa 1997, watafiti wa London walichapisha utafiti wa wanawake 90 wenye hizo kingamwili, ambao walikuwa wamepoteza mimba mara kwa mara. Nusu walipewa aspirini miligramu 75 kwa siku pekee. Kati ya hao 45, waliopata mtoto hai ni 19. Nusu ile nyingine waliongezewa sindano za heparini, na 32 kati ya 45 wakapata mtoto. Hapo hakuna mganga aliyechinja kuku.

Na si mambo ya wazungu pekee. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2020, wa aspirini miligramu 81 kwa wanawake wa mimba ya kwanza, ulihusisha karibu wajawazito 12,000 wa nchi sita, Kenya ikiwemo. Waliotumia aspirini walijifungua kabla ya wakati kwa asilimia 11.6, wale wengine asilimia 13.1. Hao hawakuchaguliwa kwa ugonjwa huu, lakini mnaona dada zetu wako ndani ya hii historia.

Maoni yangu ni haya. Aspirini si ya kujinunulia ukishaona mistari miwili. Dozi ni ya daktari, kuna wenye inaweza kuwavujisha damu, na mwenye ugonjwa huu mara nyingi anahitaji heparini pia. Lakini kama wewe, dadako ama mke wa rafiki yako amepoteza mimba mara kwa mara, mwambieni daktari apime hizo kingamwili. Zikipatikana, kipimo hurudiwa baada ya wiki 12 kuhakikisha.

Miaka mingi damu ilidanganya na mwanamke akaitwa mwongo. Siku hizi kipimo kipo. Ukimsikia mtu akimsema dada wa wenyewe, mwambie apeleke maneno yake maabara kwanza.