Penzi lisilojibiwa: Hali ya kijana wa Biliqo

Biliqo ni makazi ya wafugaji Waborana katika eneo la Merti, Kaunti ya Isiolo. Waborana wamegawanyika pande mbili, Sabo na Gona, na kwa desturi mtu huoa upande usio wake. Hivyo, kijana ampendaye msichana wa upande wake huwa amekataliwa kabla binti mwenyewe hajaulizwa. Binti hana lawama, hakuahidi lolote. Kutuma wazee waende kuposa ni kujitafutia aibu, na kumfuatafuata kisimani (kosa la wengi) huzidisha kidonda. Afadhali amweleze rafiki mmoja msiri, kisha afuate ngamia malisho ya mbali. Atakaporudi huenda akamkuta ameshaposwa. Salamu ya kawaida yatosha.